Metafizikia ilimfikia Mungu. Teolojia ilibakiwa na kazi gani?

Swali nililoletewa ni hili:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba katika Karne za Kati teolojia iliitwa malkia wa sayansi. Rafiki yangu anayesoma fizikia anasema hilo lilikuwa jina la heshima tu, kwani sayansi gani inaanza na imani? Nilitaka kumjibu, nikakwama mwenyewe kwenye jambo jingine. Kama metafizikia ya wakati ule, yaani falsafa inayouliza juu ya kuwepo kwenyewe, ilithibitisha kwa akili kwamba Mungu yupo, teolojia iliongeza nini? Hazikuwa sayansi moja yenye majina mawili?"

Marahaba. Nitoe jibu kwanza, kisha nilitetee. Hazikuwa sayansi moja. Waliozitenganisha walifanya hivyo kwa makusudi, na kwa hoja moja ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu swali lako lote linaning'inia hapo. Ama rafiki yako, swali lake ni zuri, na lilikwisha kuulizwa Paris na Oxford na walimu wa teolojia wenyewe, kwa ukali kuliko anavyouliza yeye. William wa Ockham, mtawa Mfransisko, alifikia kusema kwamba teolojia yetu ikipimwa kwa kipimo kamili si sayansi. Kwa hiyo usimjibu rafiki yako kana kwamba unatetea jambo ambalo Wakristo wote wa zama zile waliafikiana. Walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, na ubishi huo ndio unaostahili heshima.

Tuanze na kipimo chenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, James wa Venice alitafsiri kutoka Kigiriki hadi Kilatini kitabu cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kiitwacho Analytica posteriora. Ni kitabu kigumu, na ilipita miaka mingi kabla ya walimu wa Magharibi kukizoea. Humo Aristotle anaeleza maana ya kujua kisayansi: ni kujua jambo kwa sababu yake, na kujua kwamba haliwezi kuwa vinginevyo. Mtu aliyeona mwezi umepatwa anajua kwamba umepatwa. Aliyeelewa kwamba dunia imeingia katikati ya jua na mwezi ana sayansi ya jambo hilohilo. Hapa mwambie rafiki yako asitafute maabara, kwa sababu kielelezo chao kikuu kilikuwa jiometria ya Euclid, ambako unaanza na misingi michache iliyo wazi na kila hatua inayofuata inalazimishwa na zilizotangulia.

Kipimo hicho kina masharti. Misingi iwe ya kweli na ijulikane vizuri kuliko hitimisho linalotokana nayo. Hitimisho liwe la lazima, si la kubahatisha. Tena kila sayansi iwe na mada yake moja, ambayo haijisumbui kuthibitisha kwamba ipo. Mwanajiometria haanzi kwa kuthibitisha kwamba kuna ukubwa unaopimika. Anaupokea, kisha anaonyesha tabia zake. Shika sharti hili la mada, tutalirudia.

Sasa weka kipimo hicho juu ya mafundisho ya Kikristo uone kinavyouma. Nani anayeona wazi, bila kuambiwa, kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu? Hakuna. Kwa hiyo misingi haiko wazi. Halafu Biblia imejaa matukio ya mtu mmojammoja: Ibrahimu anatoka kwao, Yakobo anamkimbia kaka yake, Kristo anateswa zamani za Pontio Pilato. Aristotle alikwisha sema kwamba hakuna sayansi ya kitu kimojakimoja, bali ya mambo ya jumla. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 13, mwenyewe anayaweka mapingamizi haya mawili mwanzoni kabisa mwa Summa theologiae, kitabu chake kikuu cha teolojia, aliyoanza kuiandika mwaka 1265 hivi, kabla hajasema neno lolote juu ya Mungu. Kitabu cha teolojia kinachoanza kwa kuuliza kama teolojia inastahili kuitwa sayansi hakikuandikwa na mtu anayejitafutia cheo.

Kabla ya Aristotle huyo kuingia, mambo yalikuwa tulivu zaidi. Agostino alitenganisha hekima, inayotazama mambo ya milele, na elimu, inayoshughulika na mambo ya wakati, akaipa elimu kazi ya kuzaa, kulisha, kutetea na kuimarisha imani. Boethius, aliyeuawa kwa amri ya mfalme Theodoric mwaka 524 hivi, aliwaachia Walatini mgawanyo wa falsafa ya nadharia katika sehemu tatu: fizikia inatazama vitu vilivyo katika mwendo na maada, hisabati inatazama maumbo bila mwendo, ingawa hayatengani na maada, teolojia inatazama kisicho na mwendo wala maada. Katika mgawanyo huo teolojia na kilele cha falsafa ni kitu kimoja. Wasiwasi wako, kwamba huenda ni sayansi moja yenye majina mawili, unamfaa Boethius kabisa.

Katika karne ya 12 mafundisho ya imani yalianza kupangwa kwa hoja badala ya kufuata mistari ya Maandiko. Peter Abelard aliandika kitabu juu ya Utatu akakiita teolojia. Mwaka 1121 huko Soissons alilazimishwa kukitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe. Alan wa Lille alijaribu kuyapanga mafundisho kwa kanuni, kila moja ikizaa nyingine, kama mtu wa jiometria. Peter Lombard alikusanya maoni ya mababa wa Kanisa katika vitabu vinne vya Sententiae, na katika miaka ya 1220 Alexander wa Hales akakifanya kitabu hicho kuwa cha kufundishia teolojia Paris. Hapo teolojia ikawa fani ya chuo, yenye ngazi na mitihani. Kanuni za chuo cha Paris za mwaka 1215 zilitaka mwalimu wa teolojia awe na umri wa miaka 35 na awe amesoma angalau miaka 8. Jirani yao walikuwepo walimu wa kitivo cha sanaa, waliofundisha mantiki na falsafa. Hawa mwaka 1210 walikatazwa kufundisha vitabu vya Aristotle vya maumbile, na mwaka 1255 kanuni za kitivo chao zikavifanya vya lazima. Kutoka marufuku hadi lazima ni miaka 45. Katika orodha hiyo ya 1255 kilikuwemo Liber de causis, kitabu kilichodhaniwa kinaikamilisha Metafizikia ya Aristotle. Thomas ndiye aliyeonyesha, mwaka 1272 hivi, kwamba kimetokana na Proclus, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi karne nyingi baada ya Aristotle, baada ya rafiki yake William wa Moerbeke kumtafsiri Proclus mwaka 1268. Nalitaja hili kwa sababu watu wanapenda kusema zama zile ziliabudu vitabu bila kuvichunguza.

Tumefika kwenye hoja niliyokuahidi, na mwenye hoja hakuwa Mkristo. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki mwaka 1037. Katika simulizi ya maisha yake anasema alikisoma kitabu cha Metafizikia cha Aristotle mara arobaini, akakihifadhi moyoni, na bado hakujua kinakusudia nini. Siku moja katika soko la vitabu dalali alimng'ang'aniza anunue kijitabu kwa dirhamu tatu. Kilikuwa cha al-Farabi, mwanafalsafa aliyemtangulia, juu ya makusudio ya kitabu kilekile. Alikimbilia nyumbani kukisoma, mafundo yakafunguka, na kesho yake akawapa maskini sadaka kwa shukrani.

Alichokwama nacho ndicho ulichokwama nacho wewe. Mahali pamoja Aristotle anasema kuna sayansi inayotazama kilichopo kwa kuwa tu kipo. Mahali pengine katika kitabu hichohicho anasema falsafa ya kwanza inahusu kile kisicho na mwendo na kilichotengana na maada, na anaiita elimu ya kimungu. Sasa mada yake ni ipi? Vitu vyote, au Mungu?

Ibn Sina anajibu, katika sehemu ya metafizikia ya Kitab al-Shifa, kitabu chake kikubwa cha falsafa, kwa kulitumia lile sharti la mada. Hakuna sayansi inayothibitisha kuwepo kwa mada yake yenyewe. Kama Mungu angekuwa mada ya metafizikia, kuwepo kwake kungekuwa ama wazi bila hoja, ama kumethibitishwa katika sayansi nyingine. Wazi bila hoja si hivyo, maana watu wanauliza na wanahitaji kuonyeshwa. Na sayansi nyingine zote, za maumbile, za hesabu, za maadili, hazina uwezo wa kulibeba jambo hilo. Kwa hiyo Mungu si mada ya metafizikia. Ndiye anayetafutwa ndani yake. Mada ni kilichopo kwa jumla, yaani kila kitu kikitazamwa kwa upande wa kuwepo kwake tu, kabla hujauliza kama ni mwili au roho, kikubwa au kidogo, kimoja au vingi. Ukiichunguza mada hiyo hadi mwisho unakuta kwamba vitu vingi vipo bila kuwa na lazima ya kuwepo ndani yao wenyewe, na kwamba lazima yupo mmoja ambaye kuwepo kwake ni kwa lazima. Unamfikia Mungu mwishoni mwa safari, akiwa chanzo cha mada uliyokuwa ukiichunguza.

Ibn Rushd wa Cordoba, mwanafalsafa mwingine Mwislamu, aliyeishi kuanzia 1126 hadi 1198, hakukubali. Alisema fizikia ndiyo inayothibitisha, kutokana na mwendo, kwamba yupo mwendeshaji wa kwanza asiyeendeshwa, kisha inamkabidhi kwa metafizikia, ambayo inaweza sasa kumpokea kama mada yake bila kuvunja sharti lolote. Wote wawili walisomwa kwa Kilatini. Kitabu cha Ibn Sina kilitafsiriwa Toledo katika nusu ya pili ya karne ya 12, Dominicus Gundissalinus akiwa miongoni mwa watafsiri.

Mabishano haya yana uzito kwa rafiki yako mwanafizikia, zaidi ya anavyodhani. Ukimfuata Ibn Rushd, njia ya akili kwenda kwa Mungu inapita katika mwendo wa mbingu, na siku elimu ya mbingu ya Aristotle itakapoanguka, kama ilivyoanguka karne ya 17, unabaki huna njia. Ukimfuata Ibn Sina, swali la kuwepo linasimama lenyewe: kwa nini kipo kitu chochote ambacho kingeweza kutokuwepo? Swali hilo halijaguswa na darubini ya Galileo. Wengi wa walimu wakubwa wa Kilatini, Thomas na baadaye Duns Scotus wakiwemo, waliegemea kwa Ibn Sina kuhusu mada, nami naona walichagua vizuri. Ni kweli kwamba njia ya kwanza kati ya zile tano za Thomas za kuonyesha kwamba Mungu yupo inaanzia kwenye mwendo. Lakini alipoulizwa metafizikia inahusu nini, hakujibu kwa mwendo.

Thomas aliichukua hoja hiyo akaisogeza hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo jibu la swali lako la pili. Iko katika ufafanuzi wake juu ya kitabu cha Boethius kuhusu Utatu, alioandika kati ya 1257 na 1259 hivi na kuuacha bila kuumaliza. Mambo ya kimungu, anasema, yanaweza kuingia katika sayansi kwa namna mbili. Yanaweza kuingia kama chanzo cha kitu kingine kinachochunguzwa. Hivyo ndivyo wanafalsafa wanavyomfikia Mungu, kwa sababu ni chanzo cha vitu vyote vilivyopo, na mada yao ni vitu hivyo. Au yanaweza kuwa mada yenyewe, yakitazamwa kama yalivyo ndani yake. Hilo la pili haliwezekani kwa kuanzia kwenye viumbe, maana kutokana na matokeo unajua tu kile ambacho matokeo yanakiambia juu ya chanzo chake. Linawezekana ikiwa Mungu mwenyewe amejieleza. Hiyo ndiyo teolojia ya Maandiko, na mada yake ni Mungu.

Unaona sasa kwamba sharti lilelile la Aristotle limezaa sayansi mbili. Metafizikia inaanza na vilivyopo na kuishia kwa Mungu; teolojia inaanza na Mungu na kuvitazama vyote vingine kwa kadiri vinavyohusiana naye. Zinakutana juu ya mambo kadhaa: kwamba Mungu yupo, ni mmoja, hana mwili, ni chanzo cha vyote. Zinapoachana ni pakubwa. Metafizikia haina la kusema juu ya Utatu wala juu ya Neno kufanyika mwili. Richard wa Mtakatifu Victor, aliyefariki mwaka 1173, alitafuta hoja za lazima kwa ajili ya Utatu, kutokana na kwamba upendo mkamilifu hauwezi kukaa peke yake. Ni kurasa nzuri sana, lakini Thomas alisema wazi kwamba Utatu haujulikani kwa akili ya asili, na kwamba anayejaribu kuuthibitisha kwa akili anaipunguzia imani heshima. Asiyeamini akiona hoja dhaifu, atadhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo.

Hapo ndipo rafiki yako anarudi na swali lake: sawa, mada ni tofauti, lakini misingi inatoka katika imani, hiyo inakuwaje sayansi?

Mwanzoni mwa karne ya 13 William wa Auxerre alikuwa amependekeza kwamba vipengele vya Kanuni ya Imani vifanye katika teolojia kazi inayofanywa na misingi iliyo wazi katika sayansi nyingine. Pendekezo zuri, ila linakwepa ugumu, kwa sababu vipengele hivyo haviko wazi. Thomas akaleta kitu kutoka kwa Aristotle mwenyewe. Zipo sayansi tegemezi. Elimu ya muziki inapokea misingi yake kutoka hesabu: mwanamuziki hathibitishi habari za uwiano wa 2 kwa 1 au 3 kwa 2, anaupokea kutoka kwa mwanahesabu na kujenga juu yake. Elimu ya kuona inapokea kutoka jiometria. Vivyo hivyo teolojia inapokea misingi yake kutoka sayansi iliyo juu yake, na sayansi hiyo ni ujuzi alio nao Mungu mwenyewe na watakatifu wanaomwona mbinguni. Kwetu misingi hiyo inaaminiwa, kwao inaonekana.

Naipenda hoja hii, na bado naona ina tundu. Fikiria nahodha wa jahazi anayetumia jedwali la maji kujaa na kupwa. Anaamini tarakimu zilizopigwa na wengine, anajua kwa hakika saa ya kuvuka mwamba, na chombo chake hakikwami. Je, ana sayansi ya maji kujaa na kupwa? Wanaomtetea Thomas watasema jedwali limetoka katika sayansi ya kweli, basi matumizi yake ni sehemu ya sayansi hiyo. Wanaompinga watasema sayansi anayo aliyepiga hesabu. Nahodha ana imani nzuri iliyowekwa mahali panapostahili.

Wapinzani walikuwa wengi na hawakuwa watu wadogo. Godfrey wa Fontaines, aliyefundisha Paris mwishoni mwa karne ya 13, alisema kuamini misingi hakuzai ujuzi wa hitimisho. Mwanamuziki anaweza, akitaka, kwenda kujifunza hesabu na kuiona misingi kwa macho yake. Mwanateolojia hawezi kwenda mbinguni kwa muhula mmoja na kurudi. Henry wa Ghent alijaribu kuokoa jambo kwa kusema Mungu huwapa wanateolojia nuru maalumu, iliyo juu ya nuru ya imani na chini ya nuru ya mbinguni. Godfrey alimkatalia, na sioni ajabu, maana mtu mwenye nuru hiyo angetambua kwamba anayo. Ockham naye, katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa Sententiae, aliiita ya kitoto hoja kwamba mimi nina ujuzi wa hitimisho kwa sababu Mungu anajua misingi ambayo mimi naiamini tu.

Duns Scotus, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1266 hivi na kufariki Köln mwaka 1308, alichukua njia niionayo kuwa ya uaminifu kuliko zote. Alitenganisha teolojia yenyewe, yaani ujuzi ambao Mungu akiwa mada anaweza kuuzaa katika akili inayomtosha, na teolojia yetu, yaani kile ambacho akili yetu inakipata juu ya mada hiyo katika hali yetu ya sasa. Ya kwanza ni sayansi kamili. Ya pili inahusu mada ileile ila haina mwanga uleule, na hakuona faida ya kuiita tegemezi. Kisha akasema jambo ambalo Wafransisko walilipenda: teolojia ni sayansi ya vitendo. Inatuonyesha lengo ili tulipende ipasavyo, na kumjua Mungu bila kuongozwa kumpenda hakujafika inakokwenda. Thomas alikuwa amesema ni ya nadharia zaidi kuliko ya vitendo. Wanafunzi wengi wanadhani hapa ni suala la mkazo tu. Hapana. Ukimfuata Scotus, swali la teolojia ni sayansi ya namna gani linajibiwa kwa kuangalia inakupeleka wapi, na tundu la misingi, ingawa halizibiki, halibebi tena mzigo wote.

Msimamo wangu ni huu. Kwa kipimo kamili cha Analytica posteriora, Ockham na Godfrey wana haki, na Thomas hakuwa mbali nao kama inavyodaiwa, kwa sababu alifundisha pia kwamba imani si kuona, na kwamba kitu hichohicho hakiwezi kuaminiwa na kujulikana kisayansi na mtu yuleyule kwa wakati uleule. Alichokiokoa ni umbo: teolojia ina mada moja, ina misingi inayotajwa wazi, na ina wajibu wa kuonyesha kila hitimisho limetokana na msingi gani. Anakiri pia mipaka yake. Katika kifungu cha 8 cha swali la kwanza la Summa anasema kwamba dhidi ya mtu anayekubali sehemu ya ufunuo unaweza kujenga hoja kutoka sehemu hiyo. Lakini kwa asiyekubali chochote huna namna ya kumthibitishia vipengele vya imani. Unaloweza ni kuyajibu mapingamizi yake, kwa kuwa kilicho kweli hakiwezi kupingwa na uthibitisho halali. Humohumo anasema hoja ya kutegemea maneno ya mwanadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwanateolojia aliyeandika sentensi hiyo alijua mahali pake pa kusimama.

Kama unataka kuona utengano huu ukifanya kazi, angalia ugomvi juu ya umilele wa dunia, ulioitikisa Paris katika miaka ya 1260 na 1270. Aristotle alifundisha kwamba dunia haina mwanzo. Maandiko yanasema hapo mwanzo Mungu aliumba. Bonaventura, mkuu wa Wafransisko, aliona kwamba kusema dunia imeumbwa lakini haina mwanzo ni kujipinga, na kwamba akili peke yake inaweza kulionyesha hilo. Thomas akakataa pande zote mbili. Hoja za Aristotle hazithibitishi kwamba dunia haina mwanzo. Hoja za wanateolojia wenzake hazithibitishi kwamba inao. Metafizikia inaweza kuonyesha kwamba dunia inategemea chanzo ili iwepo, lakini kutegemea chanzo hakulazimishi kuwa na siku ya kwanza. Kwamba ilianza, tunaamini kwa sababu tumeambiwa. Na anaonya: tusilete hoja dhaifu juu ya jambo hili, tusije tukawapa wasioamini sababu ya kucheka. Angeweza kunyamaza akapata marafiki. Badala yake, hivi karibu na mwaka 1270, akaandika kitabu kizima kidogo dhidi ya waliokuwa wakinung'unika.

Boethius wa Dacia, mwalimu wa kitivo cha sanaa (si yule Boethius wa zamani), alienda mbali zaidi. Alisema kila mwanasayansi anakubali au kukana kwa kufuata misingi ya fani yake. Mwanafizikia akisema mwendo wa kwanza haukuwa na mwanzo, anasema kweli kwa maana kwamba mwanzo huo haupatikani kutokana na misingi ya maumbile. Na Mkristo akisema ulikuwa nao, anasema kweli pasipo sharti lolote. Wengi walimsoma vibaya wakadhani anafundisha kweli mbili. Mimi naona alikuwa anafanya kwa uangalifu kile ambacho rafiki yako angetaka kifanywe.

Tarehe 7 Machi 1277, miaka mitatu kamili tangu Thomas afariki, askofu wa Paris Étienne Tempier alilaani kauli 219. Kati yake zilikuwemo kwamba maneno ya mwanateolojia yamejengwa juu ya hekaya, kwamba hakuna kinachojulikana zaidi kwa kujua teolojia, na kwamba wenye hekima duniani ni wanafalsafa peke yao. Askofu aliona zinafaa kulaaniwa, maana yake mawazo ya namna ya rafiki yako hayakuwa mageni mitaani Paris. Zilikuwemo pia kauli zilizombana Mungu ndani ya fizikia ya Aristotle, kwa mfano kwamba chanzo cha kwanza hakiwezi kufanya dunia nyingi. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alidai katika karne ya 20 kwamba siku hiyo ndiyo ilizaa sayansi ya kisasa. Naona amezidisha, kwa kuwa vyuo viliendelea kumfundisha Aristotle kwa karne nyingi baada yake. Lakini ni kweli kwamba watu walianza kuuliza kwa uhuru zaidi kipi kingewezekana.

Kuhusu umalkia, Thomas anasema sayansi nyingine ni wajakazi wa teolojia, akimnukuu Hekima katika Mithali 9:3 aliyewatuma wajakazi wake kuita watu. Wengi huishia hapo. Kifungu kinachofuata kinasema kwamba si kazi ya teolojia kuthibitisha misingi ya sayansi nyingine. Inaweza tu kuhukumu, yaani kukataa kile kinachopingana na kweli yake. Kwa mpango huo mwanafizikia hahitaji ruhusa ya mwanateolojia ili afanye fizikia, na mwanateolojia hana njia ya mkato ya kuijua fizikia. Kama baadaye watu wa Kanisa walisahau nusu ya pili ya mpango huo, lawama ni yao. Mpango wenyewe uliandikwa wazi.

Ukitaka kulisoma jambo hili mwenyewe, usianze na historia zilizoandikwa juu yao. Anza na swali la 1 la Summa theologiae, vifungu vya 2, 6 na 8, halafu ruka hadi swali la 46, kifungu cha 2, juu ya mwanzo wa dunia. Baada ya hapo soma swali la 5 la ufafanuzi juu ya Boethius, kifungu cha 4, polepole, ukiwa na hoja ya Ibn Sina mkononi. Utangulizi wa Ordinatio ya Scotus, ufafanuzi wake wa Sententiae, ni mrefu na unachosha, lakini sehemu yake juu ya vitendo na nadharia inalipa. Ockham mwache wa mwisho, ili umfikie ukiwa umekwisha kuijua vizuri hoja anayoiita ya kitoto. Rafiki yako mpe kile kifungu cha swali la 46, mwulize kama ndani yake anaona mtu anayetumia imani kuziba pengo la hoja, kisha uniandikie alichojibu.